Mtoto wangu hucheza usiku kucha tukishavuka majira ya saa: tumsaidieje?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina binti wa mwaka 1 na miezi 11. Mwezi ujao mimi na baba yake tunasafiri naye kwenda kukaa wiki 3 kwa ndugu za mume wangu, na atatimiza miaka 2 tukiwa huko huko. Ndege ya kwanza inakaa angani kwa muda wa saa 9, inaondoka saa tatu usiku. Halafu tunashuka, tunasubiri, tunapanda nyingine fupi. Tunakokwenda ni mashariki, na wenzetu wametutangulia kwa saa 8. Tutafika kwao jioni.

Nyumbani ni mtoto asiye na shida. Saa mbili usiku amelala, saa kumi na mbili asubuhi ameamka, na mchana analala kuanzia saa saba hadi saa tisa. Lakini tulishawahi kwenda naye huko, na ndiyo maana nakuandikia mapema. Jioni ile tuliyofika alilala mwenyewe saa tatu usiku, nikamshukuru Mungu, nikajua tumevuka salama. Kabla ya saa sita alikuwa ameketi kitandani anacheka, anataka kucheza, na hakulala tena hadi karibu alfajiri. Nyumba ni ya watu. Kuna wazee, kuna wanaowahi kazini. Kila akipiga kelele moyo wangu uliruka. Tulimwashia taa na katuni ili atulie. Kulipokucha akalala fofofo, hakuna wa kumwamsha hadi saa nane mchana. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na usiku wake ulianza kunyooka wakati sisi tunafunga mizigo ya kurudi.

Safari hii kila mtu ana lake. Mume wangu anasema tumwamshe saa kumi na mbili asubuhi tangu siku ya kwanza, tumtoe juani, na mchana asilale hata kidogo. Usiku atalala tu kwa kuchoka. Wifi yangu, ambaye amelea watatu, anasema nimpe kijiko cha ile dawa ya mafua inayoleta usingizi kabla ya kupanda ndege. Rafiki yangu ameniletea kopo la melatonini ya watoto, zile za kutafuna zenye ladha ya matunda, anasema hazina madhara kwa kuwa ni kitu cha asili.

Ninachotaka ni alale ndani ya ndege, na tusirudie usiku ule. Naogopa pia macho ya abiria wengine akianza kulia. Kuna wakati nafikiri tuiahirishe safari hadi akue. Nifanyeje?

Mama Mwenye Safari

*

Marahaba, mwanangu. Safari msiiahirishe.

Tuutazame kwanza usiku ule wa mwanzo, maana umenitajia saa, na saa hizo zinaeleza karibu kila kitu. Chukua ratiba ya binti yako, uongeze saa 8. Saa saba mchana ya nyumbani ni saa tatu usiku ya huko. Kwa hiyo usingizi ule uliokufanya ushukuru haukuwa wa usiku. Ulikuwa usingizi wake wa mchana, na alipoamka kabla ya saa sita alikuwa ameumaliza kama anavyoumaliza kila siku. Saa mbili yake ya usiku ilimkuta saa kumi alfajiri ya huko, ndipo akalala, na saa kumi na mbili yake ya asubuhi ikaangukia saa nane mchana. Mtoto hakukosea. Alifuata barabara ratiba uliyomzoesha.

Nakuomba ulishike hilo kabla hujashika ushauri wangu mwingine wowote, kwa sababu litabadilisha namna utakavyomtazama anapokuamsha. Saa saba usiku, nyumba nzima imelala, kwake ni saa kumi na moja jioni. Si ukaidi, wala hajadekezwa. Ukimkemea unamkemea kwa kuwa macho wakati wa mchana.

Mwilini mwake kuna saa inayofuata ratiba hiyo, na saa hiyo ya mwili ni kitu halisi. Iko ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Ni kifungu kidogo cha seli, na ndicho kinachopanga joto la mwili lishuke lini, homoni ya melatonini, ile inayouandaa mwili kulala, itoke lini, hata njaa ije lini. Ikiachwa bila mwanga wala giza la kuirekebisha, kwa binadamu wengi huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24. Ndiyo maana mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi, na ndiyo maana kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Kwa mashariki, kadiria siku 1 kwa kila saa 1 mliyovuka. Ninyi mnavuka saa 8, basi hesabuni wiki moja na zaidi kidogo hadi anyooke kabisa. Kuipunguza kidogo inawezekana. Kuirefusha ni rahisi mno, na safari iliyopita iliwarefukia.

Kinachoisogeza saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Uchovu hausogezi, kubembeleza hakusogezi. Na mwanga huo huo unaweza kusogeza mbele au kurudisha nyuma, kutegemea umemkuta mtu saa ngapi ya mwili wake. Katika kila usiku kuna wakati joto la mwili linafika chini kabisa, kama saa 2 au 3 kabla ya muda wa kawaida wa kuamka. Kwa binti yako ni kati ya saa tisa na saa kumi usiku, kwa saa za nyumbani. Mwanga mkali ukimpata kabla ya wakati huo, mwili unauhesabu kuwa ni jioni iliyorefuka, nao unachelewesha saa. Ukimpata baada ya hapo, unauhesabu kuwa ni asubuhi iliyowahi, nao unaivuta saa mbele, yaani kule kule mnakotaka ninyi mnaokwenda mashariki.

Sasa msomee mume wako sehemu hii, maana nia yake ni njema na nusu ya anayosema ni kweli. Jua ni dawa. Ila saa kumi na mbili asubuhi ya huko ni saa nne usiku ya nyumbani. Mkimwamsha saa hizo siku ya kwanza na kumtoa nje, mnamwonyesha jua katika sehemu ya usiku wake ambayo mwanga huchelewesha. Mtakuwa mnaisukuma saa yake nyuma kwa nguvu zote, huku ninyi wenyewe mmechoka. Ile saa tisa hadi kumi usiku ya mwili wake, kwa saa za huko, ni saa tano hadi saa sita mchana. Kabla ya hapo ni kivuli, mapazia na kofia. Baada ya hapo ni nje.

Mnaweza kujirahisishia kazi kabla hamjaondoka. Siku 4 au 5 kabla ya safari, mwamsheni dakika 15 mapema kila siku, mfungulieni madirisha au mtoke naye nje mara tu anapoamka, na chakula, usingizi wa mchana na wa usiku vyote vifuate kwa dakika hizo hizo. Mtafika siku ya safari mkiwa mmeshachuma karibu saa nzima. Zaidi ya hapo msihangaike. Kumsogeza mtoto mdogo saa 3 au 4 akiwa bado nyumbani kwake, jua likichomoza na kuzama palepale, ni mateso yasiyo na faida.

Kuhusu ndege yenyewe, nina ushauri unaopingana na ule wa kubadili saa ya mkononi mara tu mtu anapopanda. Kwa mtu mzima, sawa. Kwa mtoto wa umri huu, ndege ya saa tatu usiku ni bahati kubwa, na saa ya kufuata humo ndani ni ya nyumbani. Mvalisheni nguo za kulalia mkiwa bado uwanjani, mfanye yale yale mnayofanya kila usiku kwa mpangilio ule ule: kusafishwa meno, hadithi, wimbo, kitambaa au mwanasesere anayelala naye. Pengine atapitiwa na usingizi wake kabla hamjaitwa kupanda. Mwacheni, mbebeni. Msimwekee katuni "hadi ndege iruke", kwa kuwa akishaianza mtapata shida kuizima. Viti vya karibu na jiko la wahudumu na vyoo mviepuke mkiweza. Kuna taa na minong'ono humo usiku kucha.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Kuruka kuelekea mashariki ni kulikimbilia jua. Litachomoza dirishani wakati kwa mtoto bado ni kama saa nane usiku, yaani upande ule mbaya wa usiku wake. Kifuniko cha dirisha kiwe chini tangu mwanzo, na kibaki chini hadi saa kumi na moja alfajiri ya nyumbani hivi, hata kama nje kumeshapambazuka. Kiti cha dirishani kina faida hiyo: mwenye kukifunga ni wewe. Mkishuka kusubiri ndege ya pili, itakuwa imetimia asubuhi yake, na hapo mambo yanageuka. Tafuteni mahali penye madirisha makubwa, mwacheni atembee, akimbie, apate mwanga wote uliopo. Hayo ni masaa ya thamani kwenu.

Pigeni simu kwa shirika la ndege wiki hii. Mashirika mengi humruhusu mtoto aliye chini ya miaka 2 kusafiri mapajani, na umri unaotazamwa ni wa siku ya kila safari. Binti yako atatimiza miaka 2 kabla ya kurudi, kwa hiyo huenda kiti cha kurudi ni lazima. Uwezo ukiruhusu mnunulieni kiti cha kwenda pia, na muulize kama mnaweza kutumia kiti chake cha gari, kile chenye kibandiko kinachosema kinafaa kwenye ndege. Mtoto aliyekizoea hulala humo kuliko mapajani, na akifungwa vizuri yuko salama zaidi ndege ikitikisika. Vile vitanda vidogo vinavyofungwa ukutani mbele ya viti vya kwanza msivitegemee. Vingi vina kikomo cha kilo 10 au 11, na mtoto wa karibu miaka 2 hawezi kujinyoosha humo. Akilazimika kukaa mapajani, anayempakata awe macho, mwingine alale, kisha mbadilishane.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Hewa inapaswa kuingia nyuma ya ngoma ya sikio kupitia mrija mwembamba, na kumeza ndiko kunakoufungua. Mtoto aliyelala humeza mara chache. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, basi mwamshe taratibu wakati huo, umpe kunyonya au kikombe chake anywe kidogo kidogo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, kwa hiyo mpe maji mara kwa mara hata bila sababu ya masikio.

Nakuja kwenye dawa, na hapa nitakuwa mkali kwa sababu nimeusoma ushauri wa wifi yako kwa hofu. Najua anawapenda. Dawa hizo za mafua na mzio zinazoleta usingizi si za kumlaza mtoto mzima wa afya. Kwanza, kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume: humwacha mtoto akiwa na wahaka, analia na kuruka ruka kwa masaa, na wewe uko angani huna pa kwenda. Pili, hata pale zisipofanya kinyume, msaada wake ni wa mashaka. Mwaka 2006 ilichapishwa huko Marekani taarifa ya jaribio la difenihidramini, dawa maarufu ya kundi hilo, kwa watoto 44 wa miezi 6 hadi 15 waliokuwa wakiamka usiku. Jaribio lilikatizwa kabla ya muda wake, kwa kuwa dawa haikuwasaidia kuliko kinywaji kisicho na dawa walichopewa wenzao kwa kulinganisha. Tatu, ndilo kubwa: promethazini, ambayo nayo huuzwa kama dawa ya mzio na kichefuchefu, mamlaka ya dawa ya Marekani inaikataza kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 2, kwa sababu kuna watoto waliopumua kwa shida baada ya kuinywa hadi wakafa. Hewa ndani ya ndege iliyo juu ni kama hewa ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Mtoto mwenye afya haimsumbui. Lakini si mahali pa kumwongezea kitu kinacholegeza pumzi, ukiwa mbali na hospitali, gizani, umemfunika blanketi.

Melatonini ya rafiki yako ni kitu tofauti, nayo pia nasema hapana. Ni kweli mwili unaitengeneza wenyewe. Hata hivyo ni homoni, na ikitolewa saa isiyo yake inaisukuma saa ya mwili upande usiotakiwa, sawa na mwanga. Tena hujui kilichomo ndani ya kopo. Watafiti nchini Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini na kuchapisha matokeo mwaka 2017: nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kiasi kilichoandikwa, nyingine zilikizidi kwa asilimia 478, na 8 kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwilini, ambayo haikutajwa popote. Iliyozidi kuliko zote ilikuwa ya kutafuna, ile ile wanayopewa watoto; iliandikwa miligramu 1.5, ikakutwa na karibu miligramu 9. Kuna nchi, Uingereza mojawapo, ambako hupewi bila cheti cha daktari. Daktari wa mtoto wako akiona sababu ya kuitumia, yeye ataamua kiasi na saa. Kopo lililopo sasa liweke juu mbali na mikono yake, kwani limetengenezwa lifanane na peremende na mtoto hawezi kujua tofauti.

Sasa mmefika. Ni jioni, na kwake ni asubuhi kama saa nne. Mpeni chakula cha jioni pamoja na wenyeji, mwogesheni, punguzeni taa, na saa tatu atalala kama safari ile. Ninyi sasa mnajua ni usingizi gani huo. Kwa hiyo laleni naye palepale, msibaki sebuleni mkizungumza na wenyeji, maana saa tano au sita zamu inaanza. Gawaneni usiku: mmoja hadi saa nane, mwingine kuanzia hapo. Wewe na mume wako mna saa za mwili pia, nazo zitakuwa zimevurugika kama ya mtoto.

Akiamka, chumba kibaki na giza. Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu macho ya mtoto si kama yetu. Lenzi yake ni angavu zaidi, na mboni yake hufunguka zaidi, hivyo taa ambayo kwako ni ya kawaida kwake ni kali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya jaribio dogo: watoto 10 wa umri wa chekechea waliwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa 1 kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa karibu asilimia 88, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa ilikuwa bado iko chini kwa wengi wao. Utafiti mwingine wa hapo baadaye ulionyesha kuwa hata mwanga hafifu huishusha. Basi hebu fikiria taa ya dari na katuni saa saba usiku zinafanya nini kwa mtoto ambaye mwili wake tayari uko jioni. Zinairefusha jioni hiyo hadi alfajiri. Nendeni na taa ndogo ya rangi ya chungwa au nyekundu, yenye mwanga wa kutosha tu kuona nepi. Simu zenu pia mzigeuze chini.

Atakuwa na njaa, tena njaa ya kweli: saa nane usiku ya huko ni saa kumi na mbili jioni yake. Mtayarishieni kitu chepesi, kidogo, ale humo humo chumbani bila sherehe. Asipolala, msimlazimishe kulala kwa kumshikilia. Mwacheni acheze na vitu visivyo na sauti wala taa, uwe naye chini sakafuni, jibu kwa sauti ya chini, usianzishe michezo wewe. Wenyeji waelezeni mapema, hata kwa simu kabla ya kusafiri, kwamba siku za mwanzo mtoto atakuwa macho usiku na kwamba mnashughulika naye. Nyumba iliyoarifiwa huvumilia mengi. Ombeni chumba cha mwisho kama kipo.

Asubuhi ya kwanza mwacheni alale hadi saa nne, si hadi saa nane mchana. Mwamsheni kwa upole, mapazia yabaki yamefungwa nusu, ale. Kuanzia saa tano na kuendelea mtoeni nje, mkae nje kadiri mnavyoweza hadi alasiri. Kivuli cha mti kinatosha, maana mwanga wa nje hata kivulini unazidi mbali wa ndani. Siku ya pili mwamsheni saa tatu, nje kuanzia saa nne. Siku ya tatu saa mbili. Mkienda hivyo, saa moja tu kila siku, jua litakuwa linamkuta upande mzuri wa usiku wake, na kile kipande cha kuwa macho katikati ya usiku kitafupika chenyewe. Usiku mmoja unaweza kuharibika ghafla baada ya mwingine mzuri. Endeleeni na asubuhi yenu kama ilivyopangwa.

Na mchana alale. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na kumnyima humfanya alie zaidi na alale vibaya zaidi usiku. Kinachotakiwa ni kuuwekea mpaka: saa moja na nusu, na awe ameshaamka saa kumi alasiri. Kumwamsha kutakuwa kugumu. Msikieni akilia, mbebeni, mtoke naye nje moja kwa moja.

Kwa wazazi wengine wanaosoma wakiwa na kichanga wa chini ya miezi 3: wenu bado hana saa ya mwili iliyokomaa, atalala na kuamka kama anavyofanya nyumbani. Kwa aliye chini ya mwaka 1, alazwe chali, mahali tambarare pasipo mito wala mablanketi mazito, hata ugenini. Usiku wa uchovu mkubwa ndio mzazi anaposinzia kwenye kochi na mtoto kifuani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kuhusu macho ya abiria, mwanangu, wengi waliomo mle wamelea au waliwahi kulia hivyo hivyo. Akilia, simama, tembea naye, mwimbie. Huna deni la kumwomba kila mtu msamaha.

Kurudi ni magharibi, na kila kitu kinageuka. Mtoto atasinzia kuanzia saa sita mchana ya nyumbani na kutaka kuamka saa nne usiku, na mwanga unaomfaa ni wa alasiri na jioni. Mchana mruhusuni saa moja au moja na nusu, kisha muwe naye nje hadi jua lizame, alale saa moja usiku. Ataamka usiku wa manane siku za mwanzo, lakini atanyooka haraka kuliko alivyofanya kule. Msipange kurudi kazini wala kumpeleka kwa mlezi kesho yake asubuhi. Acheni angalau siku 2 au 3 katikati, na hizo ziombeni likizo tangu sasa.

Mama Mshauri